Ishirini na Nne ni Handikapu Pia

Vijana, mmeniita niwaongeleshe juu ya kazi ya uwanja wa gofu, na nimekuja na koti langu na kofia yangu. Sharti ni moja tu: nisisikie mtu akicheka nikitaja handikapu yangu ya kwanza. Ilikuwa ishirini na nne. Najua nyinyi mnatembea na kumi, na nane, na huyu hapa wa jaketi nyekundu naambiwa ana tano. Hongera zenu. Nyinyi mlipewa fimbo, mkapewa mwalimu, mkapewa na Jumamosi nzima. Mimi ishirini na nne yangu niliipata kwa watu walioapa sitaipata, na sitaionea haya mpaka siku mtakayonizika.

Kwa wale walioingia kazini juzi, niseme haraka handikapu ni nini, maana mtu anaweza kukata nyasi miaka kumi na asiulize. Mchezaji hodari anatakiwa kumaliza mashimo kumi na nane ya hapa kwa mapigo sabini na mbili. Wewe ukitumia tisini na mbili, umezidisha ishirini, na hiyo ishirini ndiyo handikapu yako. Ukicheza na aliyekuzidi unapunguziwa hizo ili mshindane sawa. Siku zetu mwisho wa wanaume ulikuwa ishirini na nne. Ukipita hapo klabu haikujui, wewe ni mtu anayepiga mpira tu. Na hujiandikii mwenyewe. Unacheza kadi tatu, kila kadi inaandikwa na mtu ambaye tayari ana handikapu, anaweka sahihi yake na wewe unaweka yako, halafu kamati inakaa na kuchukua ile nzuri kuliko zote.

Nilianza kazi hapa Eldoret kabla ya uhuru. Hizi nyasi laini mnazolalia mkipiga picha hazikuwako. Pale penye shimo palikuwa na brauni, yaani duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, ili upepo usiupeperushe na mpira uteleze sawasawa. Kazi yangu ya asubuhi, ukungu ukiwa bado umeshika mikalitusi, ilikuwa kuzisawazisha brauni zote kumi na nane. Unachukua mti mrefu wenye ubao mwishoni, unaanza shimoni, unazunguka ukirudi nyuma, mzunguko ukigusa mzunguko, mpaka unatoka nje bila kuacha alama ya kiatu. Ukianzia nje ukaingia ndani, utakuwa kama mtu aliyepiga deki akaishia kwenye kona isiyo na mlango. Mimi nilifanya hivyo hivyo siku yangu ya kwanza. Mzungu aliyekuwa fomeni akaniacha nimesimama katikati ya brauni nusu saa nzima, anakunywa chai na kunitazama. "Sasa toka," akaniambia alipomaliza kikombe. "Na usiruke."

Huyo fomeni tulimwita Bwana Fagio. Jina lake la kwao nimelisahau, na hata angekuwa hai nadhani angeitikia Fagio. Alikuwa na mgongo mbovu na ulimi mbaya, lakini kazi aliijua. Alinifundisha kuonja mchanga kwa vidole kabla ya kuongeza oili. Alinifundisha kwamba mashine ya kukata nyasi inasikilizwa kwanza, kuangaliwa baadaye. Alinifundisha pia kunyamaza wageni wakikosa mpira, na hilo lilinishinda mara nyingi. Katika miaka yote niliyokuwa chini yake, sikumwona Bwana Fagio akipiga mpira wa gofu hata mmoja. Shikeni hilo.

Nyasi za njia ya mpira zilikuwa zile zile mnazokata leo, wanaziita nyasi za Kikuyu. Sasa mimi ni Mkikuyu, Zakayo, wazazi wangu walitoka Murang'a wakaja kulima kwa wazungu huku juu. Nilikuwa nikisukuma mashine nacheka peke yangu. Nyasi yenye jina letu ilikuwa imelala klabuni kila siku, inapewa maji na mbolea, na mwenye jina haruhusiwi hata kukaa kwenye ngazi za baraza. Sisi wafanyakazi tulikuwa na Jumatatu tu. Jumatatu klabu ilifungwa kwa wanachama, na tuliachiwa tupige tukishamaliza kazi. Nilikuwa na fimbo tatu, moja niliokota kwenye maji ya shimo la sita, ya pili nilipewa kwa sababu ilikuwa imepinda, ya tatu niliitengeneza shingo kwa mti wa mzeituni wa porini. Kwa hizo tatu nilijifunza peke yangu, kwa kuiba kwa macho.

Basi uhuru ukaja, na wazungu wakaanza kuuza mashamba. Leo unasikia fulani ameuza Kapseret, kesho mwingine ameuza huko Soy, watu wetu wamejiunga katika kampuni na kununua, wanakatiana eka. Ndugu yake Bwana Fagio akauza shamba lake, na Fagio akasema yeye hawezi kubaki peke yake hapa kama kisiki. Angeondoka baada ya miezi minne. Kiti cha fomeni kilikuwa kinabaki wazi.

Nilivaa shati la kanisani nikaenda mbele ya kamati kukiomba. Nilikuwa na miaka kumi na moja kazini. Kila jiwe la uwanja huu nililijua, mifereji nilichimba mimi. Na nilifurahi, niwaambie ukweli, kwa sababu aliyekuwa kapteni wa klabu mwaka huo alikuwa Mwafrika, wa kwanza. Bwana mkubwa, shamba kubwa njia ya Soy, soksi mpaka magotini. Nikajiambia, huyu ni wetu.

Kapteni akanisikiliza, akatazama wenzake, akasema, "Zakayo, fomeni wa uwanja lazima awe mtu anayeujua mchezo. Awe na handikapu. Ndiyo sheria."

"Bwana Fagio ana ngapi?" nikauliza.

Katibu, mzee wa Kizungu, akakohoa na kupekua karatasi ambazo hazikuwa na kitu.

"Hii ni sheria mpya," Kapteni akasema.

"Basi nitaitafuta hiyo handikapu."

Wakacheka, si wote, lakini wa kutosha. Kapteni akanisindikiza mpaka nje, na huko nje akaacha Kiingereza. "Zakayo, bwana, usituharibie jina. Sisi wenyewe tumeingia hapa juzi tu. Wazungu wanatuangalia kila hatua. Sasa tuwaletee mpaka mtu wa jembe acheze nasi?"

Hasira niliyoipata siku ile sijawahi kuipata tena, hata mwaka ule ng'ombe wangu alipokufa kwa dawa mbovu. Mzungu kunikataa nilikuwa nimezoea, ilikuwa ni kama mvua. Lakini huyu! Mama yake alibeba kuni kama mama yangu. Nikamwambia, "Bwana Kapteni, kama nitapata wa kuniandikia kadi, mtaihesabu?"

"Ukipata," akasema. "Mpaka siku Fagio anapoondoka."

Nyumbani mke wangu, Mama Njoki, alikuwa anapepeta maharagwe. Nikamweleza yote. Akaweka uteo chini.

"Baba Njoki, watu wanakimbilia mashamba. Jirani zetu wote wameenda kuonyeshwa eka zao. Na wewe unatafuta namba?"

"Namba hii ndiyo kazi."

"Itaota mahindi?"

"Mama Njoki, wacha."

"Siachi. Nataka nijue ninawaambia nini kanisani. Baba Njoki ako wapi? Ameenda kupiga kayai na fimbo."

Lakini asubuhi aliniwekea viazi vitatu kwenye mfuko wa koti badala ya viwili. Huyo ndiye Mama Njoki. Anakugombeza huku anakufungia chakula.

Kumpata wa kuniandikia kadi kulinichukua wiki tatu. Wanachama wengi walinipenda, jamani, Zakayo huyu mzuri, Zakayo huyu mchapakazi. Nikitaja kadi, huyu mgongo unamuuma, yule ana harusi Nakuru, mwingine ghafla hasikii vizuri. Mmoja alinipa soksi kuukuu ili nisimwombe tena. Soksi nilichukua.

Aliyeniokoa alikuwa Haji Nur. Huyu alikuwa Msomali mwenye malori, gereji yake iko upande wa stesheni, na oili chafu ya brauni zetu ilitoka kwake, pipa baada ya pipa. Alikuwa ameingia klabuni mwaka uliopita. Mchezo wake ulikuwa mbaya sana. Alipiga mpira kana kwamba umemtukana. Lakini handikapu alikuwa nayo, rasmi, kwenye daftari.

Nilikuwa namsaidia kupakia pipa nikamwambia shida yangu, bila kutumaini.

"Wewe Zakayo," akasema, "mimi nilipoingia klabu, mwezi moja nimecheza peke yangu. Peke yangu! Natembea kama mtu amepotea ngamia. Nani alinionyesha mahali ya kusimama? Si ni wewe?"

"Ni mimi, Haji."

"Basi leta kadi. Lakini mimi nikipiga, wewe funga mdomo. Na saa kumi nasali, hata kama simba iko kwa shimo."

Jumatatu ya kwanza tukatoka. Kapteni naye alikuja, eti kunyoosha miguu. Akatufuata mashimo yote kumi na nane na mwavuli wake, hasemi kitu. Haji alisali nyuma ya mikalitusi ya shimo la saba, tukamngoja. Nilipiga vizuri siku ile, vizuri kuliko maisha yangu yote. Tulipomaliza, Haji akajumlisha mara mbili kwa kidole, akasema tisini na tatu, akaweka sahihi, nami nikaweka yangu.

Kapteni akangoja wino ukauke. Kisha akasema, "Kadi hii si halali."

"Kwa nini?" Haji akauliza.

"Shimo la nne, kabla ya kupiga, Zakayo aling'oa kwekwe nyuma ya mpira wake. La tisa, hivyo hivyo. La kumi na tatu, mbili kwa pamoja."

Haji akanitazama. Mimi nikatazama mfuko wangu wa koti. Nikaingiza mkono, nikatoa kwekwe nne na mizizi yake, zimelala na maganda ya viazi.

Vijana, naapa sikujua. Miaka kumi na moja nilikuwa nikiona kwekwe mkono unashuka wenyewe, unang'oa, unatia mfukoni, na mimi nikiwaza mambo mengine. Na kwenye gofu huruhusiwi kung'oa kinachoota karibu na mpira wako. Unajitengenezea mahali, hiyo ni adhabu ya mapigo mawili kila mara. Mchezaji wa kawaida hawezi kufanya kosa kama langu, kwa sababu hata haioni kwekwe yenyewe. Mimi nilitolewa kwa kufanya kazi.

Na hapa mjifunze kitu, kwa sababu mimi nilikilipia. Angesema pale pale, tungeandika adhabu na kadi ingebaki hai. Adhabu zote zingenifikisha mia moja na kidogo, si neno. Lakini ukishaweka sahihi kwenye namba ndogo kuliko mapigo uliyopiga, kadi imekufa. Kapteni alilijua hilo, ndiyo maana alinyamaza na mwavuli wake. Kwa hiyo kabla hujaweka sahihi, simama mbele ya kila mtu aliyekuwapo, uliza kwa sauti kubwa: kuna mwenye neno? Waone aibu kunyamaza.

Haji alitukana Kisomali kwa muda mrefu, na ilinifariji ingawa sikuelewa. Mimi nilienda nyuma ya stoo ya mashine nikalia. Ndiyo, nililia, na nilikuwa mtu mzima mwenye watoto.

Aliyenikuta pale ni Selina, kiongozi wa wanawake wa kupalilia. Mama wa Kikeiyo, mrefu, hana maneno mengi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Shida si mchezo," akasema. "Shida ni huu mkono."

"Nifanye nini, niukate?"

"Kesho kuja mapema."

Kesho yake, kabla ya wenzetu kufika, Selina alikuja na fito ya mwanzi. Akaniambia tembea, piga mpira wako. Yeye nyuma. Kila nilipoinama kushika jani, pa! Mgongo wa mkono. Siku ya kwanza nilipigwa mara kumi na nne, nikaenda nyumbani Mama Njoki akaniuliza ni mchezo gani huu unaorudi na alama. Kuacha kwekwe mahali pake kuliniuma kuliko ile fito. Ni kama kumpita mtoto wako ana kamasi na wewe una kitambaa. Nilikuwa nikiipita nageuka, nageuka tena, na Selina nyuma anainua fito. Baada ya wiki mbili nilipitia mashimo tisa mikono imetulia. Selina akatupa fito, akachukua fimbo yangu ya mzeituni, akasema, "Sasa mimi nimekuangalia siku hizi zote. Toka hapo, nijaribu." Akapiga mpira ukaenda moja kwa moja, wa kwanza maishani mwake. Nilimwonea wivu sana.

Tukaanza kadi upya. Kadi ya kwanza, na Haji, mapigo mia moja na moja, mvua ilitukuta shimo la kumi na mbili na tukamaliza tumeloa chapachapa. Kabla ya sahihi niliuliza kwa sauti kama kuna mwenye neno, na hakukuwa na mtu ila mbuzi wa jirani. Kadi ya pili, tisini na nane. Hamjasahau hesabu: sabini na mbili na ishirini na nne ni tisini na sita. Zote mbili hazikutosha. Ilibaki kadi moja, na Bwana Fagio alikuwa ameshaanza kugonga misumari kwenye masanduku yake.

Ndipo barua ikatoka ofisini: kadi ya mwisho iandikwe na mtu wa kamati. Haji akasema ni uonevu, atakwenda ofisini kuvunja meza. Nikamwambia aache. Nikaenda mwenyewe kwa Kapteni, alikuwa anapaka viatu dawa pale barazani, nikasimama chini ya ngazi.

"Niandikie wewe," nikasema.

Akashtuka. "Mimi?"

"Wewe ulinihesabia kwekwe nne bila kukosea hata moja. Sitapata macho mazuri kuliko hayo."

Jumatatu ile kulikuwa na jua na upepo mdogo. Kapteni alivaa soksi zake. Wafanyakazi wote walijifanya wana kazi karibu na njia tunayopita. Sijawahi kuona miti ikipogolewa namna ile. Mashimo ya kwanza kila mmoja alihangaika na mpira wake. Alipiga vizuri, siwezi kumnyima haki yake, alikuwa na mkono mtamu. Mimi nilipiga kama fundi: mfupi, ulionyooka, mfupi, ulionyooka. Shimo la sita niliingiza mpira majini, nikajiongezea pigo mwenyewe na kumwambia aandike. Shimo la kumi na moja akaniuliza nimenunua shamba wapi. Nikamjibu bado. Akasema mtu wa umri wangu angekuwa anatafuta ardhi. Nikamwambia, "Niko juu yake, bwana, natembea."

Tulipofika shimo la mwisho nilikuwa na mapigo tisini na moja. Yaani hapo nilitakiwa kutumia matano, si sita. Matano, niwe na handikapu na nisimame mbele ya kamati nidai kiti. Sita, nirudi kusukuma mashine chini ya mtu watakayemleta kutoka Nairobi ambaye hajui mfereji wa shimo la tatu unaelekea wapi.

La kwanza lilinyooka. La pili likanyooka. La tatu likaishia nyasini nje kidogo ya brauni. La nne nilisukuma mpira ukapanda mchangani, ukatambaa, ukasimama kama hatua moja kutoka shimoni. Nikasikia Selina na wenzake wakivuta pumzi nyuma ya ua.

Kapteni akamaliza yake. Halafu akautazama mpira wangu, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, akasema, "Hiyo imeingia, Zakayo. Okota tu twende."

Mnaojua mchezo mmeshtuka, nimewaona. Watu wawili wakishindana wenyewe kwa wenyewe, mmoja anaweza kumwachia mwenzake mpira mfupi, akauokota, ukahesabiwa umeingia. Lakini kwenye kadi ya handikapu hakuna kuachiwa. Mpira usipoingia shimoni, shimo hilo halikuchezwa, na kadi nzima ni ya kuwashia moto. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kushuka, kwa heshima tu. Mkubwa amesema okota, unaokota. Tulilelewa hivyo. Ule mwanzi wa Selina ndio ulionirudisha, nikahisi mgongo wa mkono unawasha.

"Hapana, bwana," nikasema. "Naingiza."

Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa mtego au huruma. Sikutaka hata kimoja.

Sheria ya brauni inakuruhusu kusawazisha njia ya mpira wako. Nikachukua mti wenye ubao. Sikuharakisha. Nilianza shimoni, nikarudi nyuma taratibu, nikaifuta njia ile kama asubuhi zote za miaka kumi na moja, mchanga ukawa kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nikaweka mti chini. Nikashika fimbo. Mchanga nilikuwa naujua. Nikasukuma. Mpira ukaenda polepole kuliko nilivyotaka, ukafika ukingoni, ukaangukia ndani.

Nyuma ya ua wanawake walipiga vigelegele, na mtu akaangusha debe. Nikageuka nikauliza kwa sauti yote niliyonayo, "Kuna mwenye neno?"

Kapteni alikuwa anaandika. Akajumlisha. Akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu. "Tisini na sita," akasema. Akaweka sahihi.

Ijumaa karatasi ikapigwa pini kwenye ubao: jina langu, na mbele yake ishirini na nne. Nikaibandua, nikaingia nayo kwenye mkutano wa kamati bila kubisha hodi. Nikaiweka mezani. "Sheria yenu hiyo," nikasema, "na mimi huyo." Yule katibu mzee akatazama dari. Kapteni akasema, "Mpeni funguo." Hakunipa mkono, wala sikuungojea. Jioni Mama Njoki alizipima zile funguo mkononi akasema ni nzito kuliko alivyofikiri. Kwake hiyo ilikuwa pongezi kubwa.

Mnadhani hadithi imeishia hapo, nyinyi watu wa haraka. Kamati ilikuwa imesahau jambo moja. Sheria ilisema kadi inaandikwa na mtu yeyote mwenye handikapu. Haikusema mwanachama, haikusema mwenye soksi ndefu. Mtu yeyote. Na sasa mtu huyo alikuwepo upande wa stoo ya mashine, na kila Jumatatu alikuwa na penseli sikioni.

Mwisho wa mwaka nilipeleka bahasha ofisini. Kapteni akaifungua mbele ya kamati, akatoa kadi moja, akatoa nyingine, akaendelea kutoa mpaka meza ikajaa. Selina, kadi tatu. Mwendesha trekta, tatu. Mlinzi wa geti, tatu. Mpishi, tatu, na moja ina mafuta. Wafanyakazi tisa, kila mmoja ana kadi iliyotosha, kila kadi imejumlishwa juu kwenda chini na chini kwenda juu. Akazipekua kutafuta kosa. Akazirudia. Kisha akainua macho.

"Nani ameweka sahihi kadi hizi zote?"

Nilikuwa nimesimama. Nikavuta kiti cha kamati, nikakaa.

"Mimi," nikasema. "Ishirini na nne. Waandikeni."